Pipa la Petroli, Barabara ya Bombo

Mbambu angeapa hata kanisani kwamba mumewe ni bahili, na angemwonea. Augustin Mugisho hakuwa bahili. Alikuwa dereva wa pikapu mwaka 1977, na mwaka huo petroli ilikuwa haionekani Kampala hata ukiipigia magoti. Ndiyo maana alikuwa na desturi yake. Akifika penye mteremko wowote, mrefu au wa hatua kumi, mkono wa kushoto unatia gia nyutro, wa kulia unazungusha ufunguo, injini inanyamaza, na ile Peugeot 404 inateremka kwa uzito wake yenyewe. Huko chini, kabla haijaishiwa mwendo, anafungua ufunguo, anaingiza gia ya tatu, injini inaamka. Madereva wengi walifanya hivyo siku zile, lakini wenzake walikuwa wakiamua. Mugisho hakuamua tena. Mikono ilijifanyia kazi huku mwenyewe anazungumza au anapiga miayo.

Alikuwa amekuja kutoka Bukavu mwaka 1967, mji ulipoharibiwa na vita vya mamluki. Miaka kumi baadaye alikuwa na chumba cha kupanga Kyebando, binti mmoja aitwaye Perpétue ambaye alijifanya hajui lugha ya baba yake, na hiyo pikapu. Aliinunua haina milango, akaivalisha milango ya gari jingine, mmoja wa kijani. Kazi yake ilikuwa kufuata mkaa Luwero kila Jumatano, kuushusha Bwaise, na kurudi nyumbani mweusi mpaka ndani ya masikio. Askari wa vizuizi vyote mpaka Luwero walimjua. Walimwita Mkongo wa Makaa, wakajichukulia gunia, wakampungia mkono apite.

Huyo ndiye Mugisho wa nje. Ndani yake, tangu Februari, hamkuwa na kitu. Sisemi alikuwa na huzuni. Huzuni ni kitu, mwenye nayo anajua anayo. Mugisho alikuwa amekufa ganzi. Alikula sombe, kisamvu cha Mbambu, asijue kama ina chumvi. Perpétue alileta ripoti ya shule, wa tatu darasani, akamwambia "Vizuri" kwa sauti ambayo mtu humjibu karani wa posta. Siku moja mkanda wa feni ulimkata kidole, naye akajua kwa kuona damu kwenye suruali. Mbambu alimpeleka kwa padri, padri akamwambia asali, akasali, akarudi kukaa kwenye kiti kilekile akitazama ukuta uleule.

Sababu aliijua. Mlango wa tatu kutoka kwake aliishi Erinayo Obwona, Mwacholi, dereva wa polisi. Urafiki wao ulikuwa wa spana. Kila Jumapili, wakitoka makanisani, kila mmoja na kanisa lake, walifungua kabureta ya Peugeot juu ya gazeti, wakaisafisha, wakaifunga, na Jumapili iliyofuata wakaifungua tena bila sababu yoyote ya maana. Walizungumza Kiswahili, mmoja cha Bukavu, chenye "njo" badala ya "ndiyo", mwingine cha kambi ya polisi, na kila mmoja alimcheka mwenzake. Kisha ukaingia ule mwezi wa pili, na Waacholi na Walango wakaanza kuchukuliwa makazini na majumbani na watu wa usalama, wasirudi. Jioni moja, jua bado lipo, gari lisilo na namba lilisimama kwenye lango la ua. Obwona alikuwa anatoka kuoga, taulo begani. Aliwaona wale watu kabla hawajamwona yeye. Hakukimbilia nyumbani kwake, kwenye watoto. Alivuka ua, akagonga mlango wa Mugisho mara tatu, akasema taratibu, "Ndugu yangu, ni mimi."

Mugisho alikuwa amesimama upande wa pili wa mlango ule, mkono uko juu ya komeo. Akalisukuma komeo, likafunga.

Hakuna la kuongeza hapo. Walimtia Obwona kwenye buti la gari, na kesho yake Mugisho akaenda Luwero, kwa sababu ilikuwa Jumatano. Habari ya komeo haikutajwa ndani ya chumba chao, si na yeye wala na Mbambu, ambaye saa ile alikuwa kitandani amemziba mtoto mdomo. Joska, mke wa Obwona, alikuwa jikoni nyuma ya nyumba. Angalau Mugisho alijiambia hivyo. Joska hakuuliza neno. Aliendelea kumwita Baba Perpétue, na kila alipotwanga odi, lile rojo zito la ufuta na karanga la watu wa kaskazini, bakuli moja lilikuja kwao.

Mwezi wa sita Joska alikuja mwenyewe, bila bakuli. Watoto wake wawili, Komakech na Adyero, walibaki uani.

"Baba Perpétue, mimi nataka enda kwetu," akasema. "Kuvuka daraja ya Karuma mpaka kwa mama yangu. Jana wamekuja watu hapa kwa lango, wameuliza hii nyumba iko na watoto ngapi."

"Basi ya kwenda Gulu iko," Mugisho akasema.

"Kwa basi wanasoma majina. Wameshusha mwalimu moja pale Bombo, mpaka leo hakuna habari. Wewe hawasomi jina yako. Wanakujua. Mimi nitakuwa bibi yako, Mkongo. Mama Perpétue atanipa kitenge."

"Ntakupeleka," Mugisho akasema.

Alilisikia neno lile likitoka na hakujua limetoka wapi. Ila ahadi ikishatoka, dereva lazima apige hesabu ya petroli. Kwenda Karuma, kuvuka, kufika kwa mama yake Joska na kurudi ilikuwa karibu lita themanini. Chini ya kitanda kulikuwa na jerikeni yenye lita ishirini na mbili, alizozikusanya mteremko kwa mteremko tangu Pasaka. Alizunguka vituo vyote alivyovijua, na kote pampu zilikuwa zimefungwa kamba. Wiki ikaisha. Wale watu wakaja tena langoni, safari hii wakauliza majina ya watoto.

Hapo ndipo alipoyafikiria mashindano ya Jumapili.

Tangu Wahindi wafukuzwe na magari yao kugawanywa, wanajeshi na matajiri wapya, wale waliokuwa wakiitwa mafutamingi, walikuwa na magari mazuri kuliko akili ya kuyaendesha. Jumapili mchana walifunga kipande kimoja kilichonyooka cha barabara ya Bombo, kupita Kawempe, wakashindana mbio wawiliwawili, nani ana kasi. Watu wa Bwaise walitembea mpaka kule kutazama, kwa sababu burudani nyingine haikuwepo. Mwishoni kabisa, ili watu wacheke kabla ya kwenda nyumbani, yaliitwa magari ya kazi: pikapu, magari ya mikate, chochote chenye magurudumu manne na mwenyewe asiye na haya. Kapteni mmoja aliyesimamia karakana ya jeshi alimpa mshindi cheti cha pipa zima la petroli, lita mia mbili. Cheti kilikuwa cha kweli. Muuza nyama mmoja wa Bukoto alikipata mwezi wa tano, na alijaziwa.

Mbambu alipoambiwa alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Gari gani itashindana? Hii yetu?" akasema. "Hii iko na roho ya kondoo, Augustin. Nawe weye hujakimbiza hata kuku."

"Petroli njo iko kule."

"Na askari njo wako kule."

"Niliona."

Hakuwa anaonyesha ushujaa. Mtu akimtazama usoni asingeona ushujaa wala woga, na Mbambu, aliyemtazama vizuri, aliona afadhali angekuwa anaogopa.

Jumamosi Mugisho aliivua pikapu kila kisichohitajika. Alitoa mbao za ubavuni, tairi la akiba, jeki, kiti cha abiria na hata kile kibati cha nyuma cha kuzuia mizigo. Aliongeza upepo kwenye matairi. Kisha akatandika gazeti, akafungua kabureta peke yake, kwa mara ya kwanza tangu Februari. Alitegemea kwamba akiishika tu atahisi kitu fulani, na aliisubiri hiyo hisia huku anapuliza vijitundu kimoja baada ya kingine. Haikuja. Akaifunga.

Joska alisema naye atakwenda kutazama. Alikuja amevaa kitenge cha Mbambu na kilemba alichofungwa na Mbambu, akakaa kwenye gunia pale kilipokuwa kiti.

"Mama Komakech, kule kumejaa jeshi," Mugisho akamwambia.

"Ndiyo naenda. Kama leo wananiona Mkongo, na siku ya safari watanionaje?"

Hilo lilikuwa na maana, kwa hiyo wakaenda.

Kule kulikuwa na watu kama mia nne pande zote mbili za barabara, bia za kapteni kwenye beseni la maji, na askari wa kutosha kuanzisha vita. Magari ya wakubwa yalikuwa yamekwisha kukimbia, na moshi ulikuwa bado hewani. Kapteni alikaa kwenye kiti cha sebuleni, kile cha vitambaa, kilicholetwa kwa lori. Mbio zenyewe zilianza kwenye kalavati. Duru ya kwanza ilikuwa fupi, tambarare tupu, mpaka kwenye kibanda cha kupokelea maziwa. Fainali ilipita kibanda, ikateremka mteremko mrefu, ikaishia kwenye kichuguu kilichopakwa chokaa huko chini. Mteremko ule Mugisho aliujua kuliko uso wa mkewe. Kila Jumatano aliupita na mkaa akirudi mjini.

Magari ya kazi siku ile yalikuwa manne. Mugisho alipangwa na gari la mikate, refu, jembamba, ambalo dereva wake alikuwa akitoka jasho mpaka viganjani. Askari mrefu mwenye miwani ya jua alisimama katikati ya barabara, akainua bereti yake juu.

Hii ilikuwa mara ya kwanza katika maisha ya Mugisho kukaa ndani ya gari akiwa na nia ya kulikimbiza. Ukimuuliza, atakwambia alifikiri atatetemeka. Pembeni mwa dirisha lake kulikuwa na bunduki iliyoning'inia begani mwa mtu, ncha yake inatazama mlango wa kijani. Watu walikuwa wanapiga kelele. Yeye alikuwa anatazama bereti, na mguu wake juu ya klachi ulikuwa umetulia tuli, maana hapakuwa na kitu ndani yake cha kuutikisa. Bereti ikaanguka. Dereva wa mikate akaachia klachi yote kwa pupa, gari likaruka mara mbili, likazima. Mugisho akaondoka taratibu, gia ya kwanza mpaka injini ilie, ya pili mpaka ilie tena, akafika kwenye kibanda cha maziwa peke yake. Watu wakashangilia. Alisikia, akageuza gari, akarudi.

Katika jozi ya pili mshindi alikuwa Masinde, kijana mcheshi wa Mbale, dereva wa pikapu ya Toyota ya duka moja la mafutamingi. Alikuja dirishani kwa Mugisho akampa mkono.

"Mzee, usinipite vibaya, bosi wangu ako pale anaangalia," akasema akicheka.

"Twende tu," Mugisho akamjibu.

Akamtafuta Joska kwa macho. Alikuwa amesimama kando ya kalavati, kati ya askari wawili waliokuwa wakinywa. Mmoja alimwuliza jambo, Joska akajibu, yule askari akaitikia kwa kichwa na kurudi kwenye chupa yake. Kitenge kilikuwa kimefaulu. Sasa ilibaki petroli tu.

Bereti ikainuliwa, ikaanguka.

Toyota iliondoka vizuri, mbele kwa pua. Mugisho aliivuta gia ya kwanza kupita pale alipowahi kuivuta siku yoyote, Peugeot ikatetemeka mpaka kioo, akaingiza ya pili, na katikati ya gia ya pili akaanza kumwona Masinde ubavuni badala ya mbele. Kwenye kibanda cha maziwa walikuwa sawasawa. Gia ya tatu iliingia laini, bila kukwaruza, na ile kabureta iliyosafishwa juu ya gazeti ikavuta kwa nguvu ambayo hakuwahi kuijua. Toyota ikarudi nyuma. Ikarudi tena. Akaona barabara tupu mbele yake na kichuguu cheupe huko chini, na akajua kwamba anashinda. Alijua tu, namna mtu anavyojua leo ni siku gani. Akafika kwenye ukingo wa mteremko.

Mkono wa kushoto ukatia nyutro. Mkono wa kulia ukazungusha ufunguo.

Kimya kikaingia ndani ya gari. Alisikia upepo kwenye matundu ya milango, alisikia matairi, alisikia hata mtu mmoja kando ya barabara akikohoa. Ilikuwa raha. Nasema kweli, kwa muda wa pumzi mbili au tatu ilikuwa raha tupu, Jumatano ya kawaida, mkaa nyuma na nyumba mbele. Kisha Toyota ikampita kwa mngurumo, Masinde ameinamia usukani, na hapo ndipo Mugisho alipoitazama mikono yake. Akafungua ufunguo, akaingiza gia ya tatu, injini ikaamka. Aliifukuza Toyota mpaka kwenye kichuguu. Akashindwa kwa urefu wa gari moja.

Waliokuwa juu waliona kila kitu, kwa sababu moshi ulikatika na mlio ulikatika. Aliporudi walikuwa wanacheka wameshikana mabega.

"Wewe Mkongo, kuja hapa," kapteni akaita kutoka kwenye kiti chake. "Ulifanya nini na gari?"

"Niliizima, afande."

"Uliizima sababu gani?"

Mugisho alitafuta sababu nyingine, hakuipata. "Kwa mteremko, afande. Petroli."

Kapteni alimtazama. Kisha kicheko kikamshika, akapiga mkono wa kiti, akawageukia wenzake. "Anahifadhi petroli! Iko kwa mashindano ya petroli, inahifadhi petroli!" Alicheka mpaka akatoa leso akafuta macho, na watu wote wakacheka kwa sababu yeye alikuwa anacheka. Akampa Mugisho chupa ya bia iliyobaki nusu. Masinde akapewa cheti. Alipopita karibu na Mugisho hakumwangalia.

Mugisho akainywa ile bia, kwa kuwa alikuwa amepewa, akarudi kwenye gari. Joska alikuwa amekwisha kupanda.

Walifika Kawempe. Mugisho alijua anapaswa kuomba radhi, akayapanga maneno kichwani, yakakaa pale yamejipanga. Joska ndiye aliyeanza.

"Imebaki ngapi?"

"Nini?"

"Petroli. Ile ya jerikeni na hii ya ndani."

"Lita kumi na nane hivi. Haitoshi, Mama Komakech. Kwenda na kurudi, inafika Luwero na kidogo mbele."

"Na kwenda?"

"Njo nakuambia, kwenda na kurudi..."

"Sikuuliza kurudi. Nimeuliza kwenda."

Mugisho alikuwa dereva kwa miaka kumi na tisa na hakuwahi kuipigia petroli hesabu ya namna ile. Ilibidi afikiri. "Karibu na daraja ya Kafu," akasema. "Kwa kule malori ya pamba yanapita, yanaenda Gulu. Lakini gari itasimama porini. Askari wa kule hawanijui. Wataichukua. Nami nitarudi na nini?"

"Hiyo ni yako, Baba Perpétue."

Walipita soko la mbao. Joska alikuwa anakifungua kilemba cha Mbambu polepole, anakikunja mapajani.

"Hapa Kyebando iko watu na lori," akasema. "Iko yule Muganda wa mawe. Iko mtu wa kanisa yangu na gari mzuri kuliko hii. Sikuenda kwa wao. Wao wangesema hapana, na wako na haki kusema hapana. Nilikuja kwa wewe sababu nilijua huwezi."

Mugisho akabadilisha gia.

"Siku ile sikuwa jikoni. Nilikuwa kwa dirisha. Nilimuona akigonga. Nikasikia hiyo komeo yako."

Pikapu iliendelea kwenda. Mugisho alishika usukani kwa mikono miwili, akayakumbuka mabakuli yote ya odi, moja moja, mwezi wa tatu, wa nne, wa tano, yaliyotwangwa na mtu aliyekuwa anajua. Ndipo aibu ikampata. Ilikuwa ya moto, na ikamuuma kweli; na katikati ya kuuma kwake alistaajabu kwamba inauma, maana kilikuwa kitu cha kwanza kumuuma tangu Februari.

"Mama Komakech," akasema. "Mimi..."

"Usiniambie pole. Ukisema pole nashuka hapahapa."

Walikata kona ya kuingia Kyebando, wakapita watoto wakicheza mpira wa matambara, wakasimama nje ya ua. Hakuna aliyeshuka.

"Jumatano," Mugisho akasema. "Njo siku ya mkaa. Wakiniona siku ingine watauliza."

"Jumatano," Joska akasema, akashuka.

Mbambu alipoambiwa hakutaja ubahili wala roho ya kondoo. Alisema, "Gari njo maisha yetu, Augustin." Mugisho akamwambia anajua. Mbambu akalala akiwa amegeukia ukuta, na Jumatano asubuhi akaamka kabla ya wote, akamfunga Joska kilemba upya, akamfundisha salamu za Bukavu, na kuwaambia Komakech na Adyero kwamba leo wao ni mabubu, atakayesema neno ataachwa njiani.

Vizuizi vitatu vya kwanza vilipita kwa kawaida. Pale Bombo askari alichungulia ndani akasema, "Mkongo wa Makaa leo imeleta mama?" Joska akamjibu, "Jambo sana, afande," kwa sauti ya kuvuta aliyofundishwa na Mbambu. Yule askari akacheka, akagonga bati la gari. Luwero walipita mahali pa mkaa bila kusimama, na wale wachoma mkaa waliokuwa wanamsubiri wakabaki wamenyanyua mikono. Baada ya hapo Mugisho hakujua mtu. Alitumia kila ujanja aliokuwa nao wa miaka kumi na tisa, na petroli ilikwisha saa sita mchana, nyasi ndefu pande zote, daraja la Kafu bado kilomita nane.

Walikaa kando ya barabara zaidi ya saa moja. Likaja lori la pamba. Dereva alikuwa Mwacholi. Joska alisema naye maneno matatu ya lugha yao, naye akashuka akawanyanyua watoto mwenyewe, bila kuuliza zaidi. Joska alikuwa wa mwisho kupanda. Alikivua kitenge cha Mbambu, chini yake akiwa na gauni lake, akakiweka mikononi mwa Mugisho.

"Mimi sijakusamehe," akasema.

"Najua."

"Nataka ujue vizuri."

"Najua, Mama Komakech."

Akapanda. Lori likaondoka. Adyero alipunga mkono, kisha akakumbuka kwamba yeye ni bubu, akauficha.

Kama walivuka Karuma, Mugisho hakupata kujua, si siku ile wala baadaye. Alibaki amesimama kando ya pikapu isiyo na petroli, kitenge mkononi, mpaka lori lilipopotea na vumbi lake likatua. Kisha akakaa chini barabarani akalia, mtu mzima wa miaka arobaini na moja, akalia kwa sauti, akimwita Obwona kwa jina, Erinayo, Erinayo, ndugu yangu, ingia. Alilia hivyo kwa muda mrefu. Jua lilipoanza kupungua ukali alisimama, akakunja kitenge, akaanza kutembea kuelekea kusini.